Ekzosi ya Kushoto

Mama yangu hupanda pikipiki kwa kukaa upande. Miguu yote miwili huining'iniza kushoto, mkono wa kulia hushika bega la dereva, wa kushoto hushika kiti, na kitenge chake hukibana vizuri chini ya mapaja ili upepo usimwaibishe. Kwake yeye, mwanamke mtu mzima kutanua miguu nyuma ya dereva huku anaelekea misani ni jambo lisilozungumzika. Nalijua hilo tangu nikiwa shule ya msingi. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mimi ni nesi. Wakati mambo haya yanatokea nilikuwa na mwaka wa sita katika zahanati moja ya binafsi kule Rwamgasa, ambako watu wanaishi kwa mashimo ya dhahabu. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wachimbaji wadogo: waliojikata kwa sururu, walioangukiwa na mawe, waliovuta vumbi mpaka kifua kikagoma. Mama alikuwa anaishi peke yake nje kidogo ya Ushirombo, kwenye shamba la mahindi na mihogo aliloachiwa na baba. Ana kisukari. Kila mwezi lazima aende kliniki, na kila mwezi nilichukua siku yangu ya mapumziko, nikashuka gari hili na kupanda lile, nikafika kwake nikiwa nimejaa vumbi, kisha nikaita bodaboda ya kumpeleka. Pikipiki zenyewe zilikuwa za juu. Mama ni mfupi kama mimi, na mgongo wake umechakazwa na jembe. Ilibidi anyanyuliwe, mtu mmoja huku na mwingine huku, na aliposhuka alisimama kwanza ameshika kiuno kabla ya kupiga hatua.

Hivyo nikaanza kuwaza kununua pikipiki yangu mwenyewe, na nilijua ya aina gani. Nilitaka kruza.

Kruza, kwa asiyeijua, ni pikipiki ya kukalia chini. Kiti kimebonyea, usukani ni mpana na umerudi nyuma kumfuata dereva, vikanyagio viko mbele, kwa hiyo unaendesha kama umekaa kwenye kochi la sebuleni. Wanunuzi wa dhahabu wa Katoro walikuwa wameanza kuzitembelea. Ikipita moja, watu wanaokunywa chai barazani waligeuza shingo. Nilijiambia kwamba naitaka kwa ajili ya mama, kwa kuwa kiti ni cha chini na angepanda bila kunyanyuliwa. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba mimi, mwanamke wa miaka thelathini na nane niliyeshinda ndani ya sare nyeupe ujana wangu wote, nilitaka kugeuziwa shingo.

Akiba yangu ilipotosha, nilimchukua mama tukaenda Kahama kwa basi la asubuhi. Duka nililoelekezwa lilikuwa na pikipiki za kawaida zilizopangwa mbele kwa mstari mrefu. Nyuma kabisa, kivulini, kulikuwa na kruza mbili tu. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo ambaye pia alikuwa fundi. Kitambaa cha kufutia mafuta kilichungulia kwenye mfuko wa shati lake.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama yangu kabla hata ya kunitazama mimi.

"Marahaba baba. Mwanangu anataka pikipiki."

Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee. Kiti chake kilikuwa kirefu na kipana, na mwishoni kilikuwa na egemeo lenye sponji. Ilikuwa na keria nyuma. Ekzosi yake ilikuwa moja, upande wa kulia, fupi, imefunikwa kwa bati jeusi. Ilikuwa pikipiki nzuri ya kazi, lakini tangi lake lilikuwa nene kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na taa yake ya mraba ilinikumbusha trekta.

Ya pili ilikuwa nyeusi. Tangi lilikuwa jembamba, usukani umeinuka kidogo, taa ya mviringo imezungushiwa nikeli. Na ilikuwa na ekzosi mbili, moja kila upande, ndefu, zimelala kutoka kwenye injini mpaka nyuma ya gurudumu. Ziling'aa kiasi kwamba nilijiona ndani yake, uso umevutika. Kiti cha abiria kilikuwa kidogo kama sahani.

"Utaendeshea wapi, dada?" fundi aliuliza.

"Rwamgasa, Katoro, mpaka Ushirombo. Kila mwezi nampeleka mama kliniki."

Akanieleza bila haraka. Mafuta zinakunywa karibu sawasawa, hapo asingenidanganya. Vipuri vya zote mbili vinaagizwa Mwanza. Nyeusi imekaa chini zaidi, kwa hiyo wakati wa masika, barabara ikichimbika, tumbo lake lingegonga. Hii nyingine ingepita, na keria yake ingebeba hata gunia la mahindi.

"Mama, hebu jaribu kukaa," alisema.

Mama akaketi kwenye ile ya damu ya mzee, kwa upande kama kawaida yake, akaegemeza bega la kushoto kwenye lile egemeo. Miguu yake ilitulia kwenye kibati kilichowekwa kwa ajili hiyo. Akajisogeza kidogo, kama mtu anayeonja mboga.

"Hapa mtu anaweza kusali rozari nzima," alisema.

Kisha akaketi kwenye nyeusi, kwa sababu mimi nilimwomba. Fundi alichuchumaa akanionyesha kwa kidole. "Angalia hapa, dada. Miguu ya mama inashukia juu ya ekzosi ya kushoto. Hii ikitembea nusu saa inachemka. Kijana anayetanua miguu haimsumbui. Mama anayekaa upande itamla."

"Haiwezi kuwekewa kinga?"

"Inawezekana. Itapoteza sura, ndiyo maana wengi hawataki."

Tuliondoka bila kununua. Nilisema nakwenda kufikiri. Ndani ya basi mama alizungumzia lile egemeo hadi tukafika Ushirombo, na jirani yake alipotupokea alimwambia, "Mwanangu ananunua pikipiki ya rangi ya damu ya mzee, ina kiti kama cha askofu."

Wiki iliyofuata nilirudi Kahama peke yangu. Nataka niseme ilivyokuwa, maana nimejidanganya mara nyingi katika kukumbuka. Hakuna aliyenisukuma. Nilikaa kwanza juu ya ile ya damu ya mzee, nikajitazama kwenye kioo cha duka, nikaona nesi anayepeleka chanjo vijijini. Nikahamia kwenye nyeusi, nikajitazama tena. Sikuona nesi. Nilimwona mwanamke ambaye ningependa kumjua.

"Na mama?" fundi aliuliza alipoona nimeshika ufunguo wa nyeusi.

"Nitamnunulia buti," nilimjibu.

"Ile kinga je? Ni kazi ya saa moja tu."

"Siku nyingine."

Buti sikuzinunua. Siku nyingine haikufika.

Mama alinisikia kabla ya kuniona. Alitoka nje akiwa na unga mikononi, akaizunguka pikipiki polepole.

"Na ile yetu?" aliuliza.

"Ilikuwa imeshauzwa, mama. Nimekuta mtu ameichukua."

Maneno yalitoka yenyewe, laini, bila hata kukwama. Mama alifuta mikono kwenye khanga yake, akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Ulikuwa umeipenda. Hata hii ni nzuri."

Alinipa pole kwa uongo wangu mwenyewe, nami nikaipokea. Nikasema asante.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha, na siwezi kuificha. Pale Rwamgasa wachimbaji walianza kuniita nesi wa kruza. Wengine walikuja zahanati na mkwaruzo usiohitaji hata plasta ili waulize inakwenda mwendo gani. Niliiosha kila Jumamosi. Nilikuwa na kitambaa maalumu cha kusugulia nikeli, nacho sikumruhusu mtu mwingine akiguse. Siku za kliniki nililala Ushirombo, asubuhi nikampakia mama. Kwa kweli alipanda bila kunyanyuliwa. Toka kwake hadi hospitali ni mwendo wa dakika kumi na tano, na kila mara nilimwambia, "Sogeza miguu mbele, mama," naye alisogeza, na kila tulipofika kwenye mashimo ya barabara miguu ilirudi.

Siku moja tulipofika kliniki nilisikia harufu ya plastiki. Soli ya ndala yake ya kushoto ilikuwa imeyeyuka kisigino, imeacha alama nyeusi juu ya nikeli. Mama aliicheka. Mimi niliitazama ile alama kwanza. Nilikwangua plastiki kwa ukucha, nikasugua, kisha ndipo nikaenda dukani kumnunulia ndala nyingine. Mguu wake sikuuangalia. Mimi ambaye kila wiki huwaambia wagonjwa wa kisukari kwamba miguu yao inaingia ganzi, kwamba wanaweza kukanyaga msumari wasijue, kwamba wakague nyayo kila siku kabla ya kulala. Nilikuwa nimeyasema hayo mara nyingi mno, yakabaki kuwa maneno ya kazini.

Kisha tukaenda Chato.

Mdogo wake mama anaishi huko, karibu na ziwa, anauza dagaa. Alikuwa amepona baada ya kuugua kwa muda mrefu, na mama alitaka kumwona. Nilisema tutakwenda kwa pikipiki. Mama aliuliza kama si bora basi. Nikamwambia basi litatuchelewesha, na kwamba barabara ni ya lami sehemu kubwa, atafurahia. Ukweli ni kwamba nilitaka kuingia Chato juu ya ile pikipiki.

Tulisimama mara moja tu njiani, Bwanga, kunywa soda. Mama alikunywa maji. Nilimuuliza anajisikiaje, akasema mgongo umechoka kidogo. Tukaendelea. Mama mdogo alitupokea kwa vigelegele, majirani wakatoka kuitazama pikipiki, nami nikasimama pembeni yake nikijibu maswali kuhusu gia na mwendo huku mama akiingizwa ndani akichechemea. Nilidhani ni uchovu wa safari. Jioni tulikula sato, tukacheka sana. Kesho yake nikampakia tena, juu ya kiti kilekile, tukarudi.

Zilipita kama wiki mbili. Nilikuwa nasafisha kidonda cha mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyekuwa amekaa nacho siku tisa kabla ya kuja. Nilikuwa nikimfokea, kama kawaida yangu. "Mpaka kinanuka ndiyo mnakumbuka kuna zahanati?" Simu ikaita. Alikuwa mama mdogo.

"Mama yako amekuambia habari ya mguu?"

"Mguu gani?"

"Basi ameficha. Siku ile mlipokuja nilimwona na lengelenge nyuma ya kisigino cha kushoto. Kubwa, kama limao. Aliniapisha nisikuambie. Leo nimempigia, sauti yake siipendi. Anasema haendi shamba tangu juzi."

Nilimaliza kumfunga yule mchimbaji bila kumwambia neno lingine. Alinitazama akaniuliza, "Nesi, kuna msiba?" Nikamwambia hapana.

Niliendesha hadi Ushirombo nikiwa bado na sare. Kulikuwa na mahali ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, kundi refu, nikalazimika kusimama. Niliitazama ekzosi ya kushoto. Ilikuwa safi kabisa. Nilikuwa nimeisugua Jumamosi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mguu umezungushiwa kipande cha khanga. Harufu niliikuta mlangoni. Harufu hiyo naijua kwa kazi yangu, na sijawahi kuisikia nikaogopa namna ile. Nilipiga magoti nikafungua. Jirani alikuwa amemwekea majani yaliyopondwa, yamekauka na kushikana na nyama. Chini yake kidonda kilikuwa kimekula kutoka kisigino kwenda juu, kingo zake nyeusi.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Sikusikia wakati unaungua, mwanangu. Niliona tu tulipofika Chato, mama mdogo wako aliponiambia nina lengelenge. Halikuuma."

"Lakini baadaye. Kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Ungeacha kuiendesha. Na ulikuwa umefurahi. Tangu baba yako afariki sijakuona umefurahi vile."

Tulikodi gari hadi hospitali, Geita. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole, na alikitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Nani anamkagua mama huyu miguu nyumbani?" aliuliza.

"Mimi. Ni mwanawe."

"Unafanya kazi gani?"

"Ni nesi."

Aliendelea kuandika, na ule ukimya wake ulinikaa mwilini kuliko kama angenifokea vile ninavyowafokea wengine.

Walimkata nyama iliyokufa. Kwa wiki mbili za mwanzo hatukujua kama mguu utabaki. Daktari alilisema hilo mbele yake, naye mama akauliza tu kama mtu wa mguu mmoja anaweza kupalilia. Niliomba likizo, nikalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Nilimwosha, nilimlisha, nilimpima sukari. Kila alipomsifu mwanawe kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani, niligeuka kama mtu anayetafuta kitu kwenye kabati.

Asubuhi moja, baada ya daktari kusema kwamba sasa ana matumaini na ule mguu, mama alikuwa anakunywa uji. Akasema, "Unajua, ningepata ile ya damu ya mzee haya yote yasingetokea. Yule aliyeiwahi sijui ni nani. Mungu ambariki tu."

Alikuwa anambariki mtu ambaye hayupo. Nikashindwa.

"Mama, hakuna aliyeiwahi. Ilikuwepo. Niliikuta pale pale tulipoiacha. Mimi ndiye niliyetaka nyeusi."

Aliweka kikombe chini. "Uliniambia imeuzwa."

"Nilikudanganya."

"Na yule fundi alisema ekzosi itaniunguza."

"Alisema. Alitaka hata kuiwekea kinga. Nikakataa."

Mama alitazama dirishani. Nilingoja alie, au anipige hata kofi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ungeniambia umeipenda ile nyeusi, ningekuambia nunua. Fedha ni yako. Ningekwenda kwa basi. Mimi sikuwa nakunyima kitu, ng'wanawane."

Ng'wanawane ni mwanangu, kwa Kisukuma chake cha utotoni. Huniita hivyo akiwa na furaha sana au akiwa ameumia sana.

Wakati wa kufunga kidonda ulipofika, nilinawa nikachukua gozi. Mama akavuta shuka juu ya mguu. "Mwite nesi wa hapa," alisema. Na kesho yake hivyohivyo, na siku iliyofuata. Alizungumza nami, alikula nilichopika, lakini mguu hakuniruhusu niuguse. Yule nesi wa wodi, msichana mdogo, alidhani mama anaona aibu mbele yangu. "Wazazi ndivyo walivyo," aliniambia kwa huruma. Sikumsahihisha.

Kuna jambo moja ambalo nimekuwa nikilizunguka. Katika wiki hizo niliwahi kurudi Rwamgasa mara mbili kuchukua nguo, pikipiki nikiwa nimeichukua Ushirombo, na Jumamosi moja, bila kufikiri, nilijikuta nimechuchumaa na kile kitambaa, nasugua nikeli. Ekzosi ya kulia nilikuwa nimeshaimaliza. Nilikuwa katikati ya ile ya kushoto ndipo nikaona ninachofanya. Na hata hapo, jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba nikiacha katikati itakuwa na mabaka. Nilimalizia. Sijui mtu mwema angefanya nini, lakini mimi nilimalizia.

Mama alikaa hospitali karibu miezi miwili. Walimtoa ngozi pajani wakamwekea kisiginoni, ikashika. Alirudi nyumbani na mguu wake, ila unaburuta kidogo, na kisigino hakifiki chini vizuri.

Niliiuza pikipiki kwa mnunuzi wa dhahabu Katoro. Hakuuliza lolote kuhusu kukaa upande. Alikaa, akaipiga moto, akatabasamu kwenye kioo kama mimi nilivyotabasamu. Nilimwambia aiwekee kinga ekzosi ya kushoto kama atampakia mtu. Akasema, "Sawa, dada," kwa namna niliyoitambua.

Kisha nikaenda Kahama. Ile ya damu ya mzee sasa ilikuwa imeuzwa kweli. Palikuwa na nyingine ya aina ileile, ya kijivu, ina egemeo lilelile na ekzosi moja upande wa kulia. Fundi alinitambua mara moja.

"Dada wa Rwamgasa. Mama hajambo?"

Nilifungua mdomo kumwambia hajambo, ikashindikana. Akaniangalia, akashusha macho, akaanza kuifuta ile ya kijivu ingawa haikuwa na vumbi. Hakusema nilikuambia. Alijaza makaratasi yangu taratibu, akanifungia keria kwa mikono yake, na nilipowasha alisema tu, "Msalimie."

Mama aliiona ya kijivu akasema ni nzuri, maneno yaleyale aliyoyasema kwa nyeusi. Hakuipanda. Kliniki alikwenda kwa bajaji na jirani yake. Mimi nilikuja kila Ijumaa, nikaiegesha uani, nikapika, nikafua, nikaondoka. Ilikuwa mwezi wa tatu wa kuja hivyo ndipo Ijumaa moja alinyoosha mguu kwenye kigoda, akasema, "Hebu tazama hapa, kuna mahali panawasha." Nilitazama. Hapakuwa na kitu, ngozi mpya tu inayokaza. Nilimpaka mafuta, nikachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baada ya hapo alianza kupanda ile ya kijivu, Jumapili tu, hadi kanisani na kurudi.

Mwezi uliopita jumuiya ndogo ya kanisani ilisali nyumbani kwake. Walikuja wanawake kama kumi na wawili na wanaume wawili watatu, asubuhi ya Jumamosi, tukaweka mikeka uani. Mimi nilikuwa mtu wa chai. Baada ya sala, mama mmoja aliyehamia karibuni kutoka Bulyanhulu, ambako mumewe alikuwa akifanya kazi, aliutazama mguu wa mama akauliza, "Hivi mama, hapa ulipatwa na nini?"

"Niliungua kwa chungu," mama alisema haraka. "Uzee. Nilikuwa naepua maharage."

Alilisema bila kunitazama. Wale waliokuwa wakijua kidogo walitazama vikombe vyao. Nilikuwa nimeshika birika, na nilielewa kwamba ndivyo alivyokuwa akiwajibu watu muda wote huo, sokoni, kanisani, kliniki. Mama yangu, ambaye hasemi uongo hata wa bei ya mahindi, alikuwa ameubeba huu kwa ajili yangu.

"Si chungu," nilisema. "Ni ekzosi ya pikipiki niliyonunua mimi. Muuzaji alinionya kwamba itamuunguza, na mama alikuwa amechagua nyingine. Nikamdanganya kwamba ile aliyoichagua imeuzwa. Nilitaka hii kwa sababu ilikuwa inapendeza."

Kuku mmoja alipita katikati ya mikeka na hakuna aliyemfukuza. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene ambaye haogopi kuuliza lolote, alimgeukia mama yangu.

"Na wewe umemsamehe?"

Mama alifikiri. Nilijua atajibu ukweli, kwa kuwa nilikuwa nimeshamwondolea sababu ya kujibu vinginevyo.

"Bado naendelea," alisema.

Mtu mmoja alicheka kidogo, kisha wawili, lakini mama hakuwa amesema kwa mzaha, nao wakanyamaza. Yule mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu linalotosha. Chai ilikuwa inapoa. Nikaanza kuwamiminia, nikizunguka kutoka mkeka hadi mkeka, hata nikamwagia mwenyekiti chai kwenye sahani. Nilipofika kwa mama alisogeza kikombe chake mbele.

"Usijaze," alisema. "Na sukari usiweke."